Mvumbuzi wa Gundi Nyeupe

Kiwanda kilitengeneza rangi, sabuni, dawa za mbu na gundi, na kila kilichotoka humo kilikuwa kimevumbuliwa na Mkurugenzi. Ndivyo hataza zilivyosema, zile hati za serikali zinazomkataza mtu mwingine kuiga uvumbuzi wako. Zilikuwa thelathini na moja, zote kwa jina la mtu ambaye hakuwahi kushika hata chupa ya maabara. Huo ndio uliokuwa utaratibu wa kiwanda: mkemia anabuni, bosi anatia jina, wengine wanapiga makofi.

Gundi nyeupe, ile inayoshika hata majini, ilikuwa ya Mkemia. Miaka minne aliipika mpaka ikamchubua vidole na mkewe akachoka kuisikia mezani. Hataza ilipotoka bila jina lake aliumia sana, kesho yake akarudi kazini. Wahenga walisema mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni; pale kiwandani msemo uliishia nusu ya kwanza.

Kisha kampuni moja ndogo ikaanza kuuza gundi kama ile ile, na Mkurugenzi akaishtaki. Wakili wa wale wadogo, mama mpole mwenye miwani, alimuuliza kizimbani gundi hiyo inapikwa kwa muda gani. Mkurugenzi akajibu kwamba mambo ya jikoni ana watu wake. Watu wakacheka, isipokuwa wakili wake.

Mkemia akaitwa kutoa ushahidi. Kabla hajaingia, bosi alimshika bega pale koridoni, akamwita ndugu yangu kwa mara ya kwanza tangu waanze kujuana. Akamweleza kwamba akikana kuwa ndiye mvumbuzi, kiwanda kitashinda naye atakuwa meneja. Akijitaja, hataza itafutwa kwa kuwa imepatikana kwa uongo, na kila mwenye sufuria atapika gundi hiyo. Mkemia alielewa vizuri mno. Jina lake angelipata siku ile ile ambayo hati ya kuliandika ingechanwa.

Kizimbani alimwona mkewe mstari wa nyuma, mkoba magotini.

"Gundi hii aliivumbua nani?" yule wakili mwenye miwani akauliza.

"Mimi," akasema. "Inapikwa saa tatu na nusu, moto mdogo. Ukizidisha inafanya mabonge."

Hataza ikafutwa. Siku iliyofuata Mkemia alifika kazini asubuhi kama kawaida yake. Mlinzi, aliyemfungulia geti miaka kumi na tisa bila kumuuliza kitu, alisimama na karatasi mkononi, macho chini.

"Samahani, mzee. Nimeandikiwa hapa kwamba mvumbuzi wa gundi nyeupe asiingie."

Mkemia akaomba kuiona. Ilikuwa na mhuri wa kiwanda na sahihi ya Mkurugenzi mwenyewe. Akaisoma mara mbili, kisha akamuuliza mlinzi kama anaweza kupata nakala.