Mashuka ya Mama Gladness

Asubuhi ya Jumanne, umeme ukiwa umekatika tangu alfajiri, inveta ya mzee Yoramu, ile mashine ya kutoa umeme wa betri, ilipiga ukelele mrefu, kisha ikazima kila kitu ndani ya nyumba. Feni ikasimama. Friji ikanyamaza. Chumbani, pampu ndogo iliyokuwa ikijaza hewa kwenye godoro la mkewe nayo ikanyamaza.

Yoramu aliisimamisha pasi juu ya meza, akakimbilia chumbani. Restuta alikuwa amelala chali, macho darini. Tangu apigwe na kiharusi, miezi saba iliyopita, hakuweza kujigeuza, na maneno yalimtoka moja moja, kwa kuyatafuta. Daktari alikuwa amesema kwamba bila lile godoro la hewa mgongo wake ungejaa vidonda. Sasa lilikuwa linanywea taratibu, naye anazama nalo.

"Nakuja, Mama Gladness. Nakuja sasa hivi."

Alirudi sebuleni, akabonyeza kitufe cha inveta mara ya kwanza, mara ya pili, na ya tatu ndipo ikawaka. Godoro likaanza kuvimba. Ndipo alipochukua simu kumpigia binti yao, Gladness, aliyekuwa akifanya kazi Mwanza.

"Mashine uliyotununulia ni mbovu," alisema. "Hii ni mara ya tatu ndani ya siku saba. Mama yako atakuja kuumia."

"Baba, hujachomeka kitu kingine? Nilikwambia ni ya godoro, taa, feni na friji tu."

"Ni hivyo ulivyotaja tu," alijibu Yoramu, akiitazama pasi.

Haukuwa uongo wa mtu mbaya. Kwa miaka ishirini na sita Restuta alikuwa mfuaji katika nyumba ya wageni ya kanisa, na hapakuwa na mgeni aliyelalia shuka lenye mikunjo lililotoka mikononi mwake. Nyumbani ilikuwa vivyo hivyo. Yoramu, aliyeendesha greda la halmashauri hadi alipostaafu, alikuwa akirudi na vumbi hadi kwenye kope, na kitanda kikimngoja kimenyooka. Siku ya kwanza alipomtandikia mkewe shuka lililotoka moja kwa moja kwenye kamba, alimwona akilipapasa kwa mkono wake mzima, kisha akigeuza uso ukutani. Kesho yake Yoramu akaanza kujifunza kupiga pasi, madirisha yamefungwa wapita njia wasione. Yeye, mzee wa kanisa!

Tena inveta haikuwa ikigoma kila siku. Kuna asubuhi alimaliza mashuka yote na inveta isiseme neno. Kwa hiyo alijiambia kwamba kosa si lake.

Gladness alimtafuta fundi, na Alhamisi akafika Anifa, mwanamke wa makamo mwenye ushungi wa kijani, aliyekuja kwa pikipiki kutoka mtaa wa Kikuyu na mkoba wa vifaa begani.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Mgonjwa wa kwanza yuko chumbani, wa pili ni hii mashine."

Anifa aliingia kwanza kumsalimia Restuta, akaushika mkono wake, ndipo akarudi kazini. Alizima swichi kuu ili nyumba iendeshwe na betri peke yake. Akawasha taa, akawasha feni, akasubiri friji ingurume. Inveta ilitulia tuli.

"Mashine nzima, mzee. Betri nzima. Sasa nionyeshe unachowasha siku inapolia."

"Ni hivyo vyote."

"Hakuna kingine?"

"Hakuna."

Anifa akakuna shavu. "Basi sijui. Labda tuifungue niende nayo dukani siku mbili tatu."

Siku mbili tatu, na umeme huu! Yoramu alitupia jicho mlango wa chumbani. Sauti ikatoka chumbani, nzito, ikijikokota.

"Pa-si."

Anifa alimtazama mzee. Yoramu aliinamisha kichwa, akaenda nyuma ya kabati, akaitoa.

"Namnyooshea mashuka," alisema kwa sauti ya chini. "Hapendi mikunjo."

Anifa hakucheka. Aliichomeka pasi, na inveta ikaendelea kimya. Walisimama wakingoja. Friji ilipojizima na baada ya muda kunguruma tena, ukelele ukatoka na nyumba nzima ikazimika.

"Umeona? Pasi peke yake mgonjwa wako wa pili anaibeba, ila kifua kimembana. Friji nayo, ile sekunde ya kuanza, inataka nguvu mara kadhaa ya ile inayotumia ikishatulia. Vikikutana, anazidiwa. Siku visipokutana, unamaliza kazi yako. Halafu pasi inakula betri. Usiku godoro la mama lingekosa hewa."

Neno hilo la mwisho lilimwingia Yoramu. Aliketi.

Anifa aliiwasha inveta, godoro likajaa. Baadaye alivuta waya mpya, akaitenga soketi ya dirishani isipitie kwenye inveta.

"Pasi ni hapa tu. Umeme ukiwepo, nyoosha hata mashuka ya mtaa mzima. Ukikatika, hii inazima, soketi za mama zinabaki."

Alipoondoka, Yoramu alimpigia binti yake.

"Mashine ni nzima. Mimi ndiye niliyekudanganya. Nilikuwa napiga pasi."

"Baba, wewe? Pasi?"

"Sasa nani apige?"

Yoramu alimsikia Gladness akivuta pumzi kwa pua, kama afanyavyo mama yake akizuia kilio.

Jumamosi umeme ulikatika shuka likiwa katikati. Pampu iliendelea kuunguruma chumbani, lakini pasi ilipoa mkononi mwa Yoramu. Alingoja. Mwisho akalichukua shuka lilivyo, akamgeuza mkewe upande huu, kisha upande ule, akatandika.

Restuta alilipapasa. Mkono ulipita penye ulaini, ukafika penye mikunjo, ukasimama.

"Nu-su," alisema.

"Nusu, ndiyo. Umeme uliishia hapo."

Upande mzima wa mdomo wake ulicheza, kisha kicheko kikamtoka, kidogo, cha kukwaruza, cha kwanza tangu augue. Yoramu naye akacheka hadi akashika ukingo wa kitanda. Akavuta kigoda, akaketi karibu naye. Madirisha siku hiyo yalikuwa wazi.