Kitanda cha Ubavuni

Mimi ni fundi wa makochi, na nasema bila haya kwamba hakuna aliyewahi kukalia kochi langu akalalamika. Watu wananiita Sponji. Walianza kwa utani, mimi nikalipokea jina kama cheo. Katika kazi yangu ulaini ndio heshima. Unapiga kiti ngumi: ngumi ikizama na kurudi polepole, umemaliza kazi, ikigonga mbao, umemtukana mteja na itabidi ufumue uanze upya.

Kwa hiyo siku mke wangu aliporuhusiwa kutoka hospitali na mtoto wetu wa kwanza, na nesi akasema mtoto alazwe mahali pagumu, nilidhani mama wa watu amechoka na zamu. Pagumu? Kiumbe ambacho hata kucha zake ni laini?

Mke wangu alikuwa amejifungua kwa upasuaji. Kuinuka kitandani kulimtoa machozi, na kushuka chini kumfuata mtoto ilikuwa safari. Nesi akatueleza taratibu: mtoto alale chumba kimoja na nyinyi, lakini si kitanda kimoja. Tengenezeni kitanda kidogo, mkiunganishe na chenu upande wa mama, upande unaokutana na chenu uachwe wazi, ili mama amfikie kwa kunyoosha mkono tu.

"Baba yake ni fundi," mke wangu akasema, na nikamwona anavyoringa. "Hilo halimshindi."

Halikunishinda. Ndiyo shida yenyewe.

Nilitengeneza sanduku zuri la mbao lenye miguu minne na kuta tatu. Ndani nikaweka sponji nene, ile ninayowawekea wateja wanaojua wanachotaka. Kuta nikazivika sponji pia, nikazifunika kitambaa cha maua, nikakibana kwa vifungo vilivyozama kama vitovu. Nikashona mto mdogo wenye umbo la mwezi. Pale sanduku lilipokutana na kitanda chetu pakabaki mwanya, basi nikaviringisha kipande cha sponji nikauziba. Fundi wa makochi akiona mwanya, mkono unajiendea wenyewe.

Mama mkwe, ambaye alikuja kumuuguza binti yake, alisimama mlangoni akashika kiuno.

"Baba," akaniambia, "hapa hata mimi ningelala."

Mke wangu akalia kidogo, kile kilio cha furaha. Mimi nikajifanya natafuta nyundo.

Kesho yake nesi akapita kuangalia kidonda. Alipomaliza akakigeukia kitanda cha ubavuni, akakibonyeza kwa kiganja. Mkono wake ukazama mpaka kwenye saa. Nikangoja sifa.

"Umetengeneza vizuri," akasema. "Sasa toa vyote."

"Vyote vipi?"

"Mto. Vifungo. Sponji za kutani. Hili bomba la hapa mwanyani. Na hili godoro, weka gumu, jembamba, liwe sawasawa na godoro la mama, na lisiache nafasi pembeni. Shuka uivute isikunjike. Mtoto alale chali, peke yake, bila kitu kingine."

"Yaani mtoto wangu mimi, Sponji, alale ubaoni kama mkate?"

"Baba mtoto, huyu uso wake ukizama hajui kujitoa. Shingo yake bado haimtii." Kisha akamgeukia mke wangu. "Na lile kochi la sebuleni, mama, usimnyonyeshee pale ukiwa na usingizi. Lile ndilo baya kuliko vyote."

Hapo damu ikanichemka. Kochi lile nilimtengenezea mke wangu tulipooana. Ndilo kochi bora nililowahi kutengeneza. Ukikaa, kiti kinakupokea, mgongo unakukumbatia, na pale kiti kinapokutana na mgongo nimeacha mteremko mdogo unaomvuta mtu ndani bila yeye kujua. Wateja wangu huonyeshwa kochi lile kabla ya kitu chochote. Na sasa mtu aliyevaa viatu vyeupe analiita baya, ndani ya nyumba yangu.

"Mchelea mwana kulia hulia yeye," nesi akasema akichukua mkoba wake, wala hakusema kwa ubaya.

Alipotoka tu, mama mkwe akaanza.

"Huyo wa vitabuni. Mimi wanangu wote nimewalaza katikati, kati yangu na baba yao. Kuna aliyezama? Huyu hapa mmoja wao, si ndiye uliyemwoa?"

"Mama, lakini nesi amesoma," mke wangu akasema.

"Na mimi nimezaa."

Mke wangu akanitazama. Mtoto alikuwa amelala kifuani mwake, mdomo wazi, hana habari na ugomvi anaousababisha. "Nesi kasema yake, mama kasema yake. Wewe baba unasemaje?"

Nilichanganyikiwa kabisa, nasema kweli. Manahodha wengi chombo huenda mrama, na chombo chenyewe kilikuwa kitu cha kubebwa mkono mmoja. Nikimsikiliza nesi, namlaza mwanangu kwenye mbao na kumvunja moyo mama mkwe. Nikimsikiliza mama mkwe, namwona nesi akitikisa kichwa. Nikijisikiliza mwenyewe, nasikia mikono yangu tu, na mikono yangu inajua neno moja: laini. Nikamjibu mke wangu, "Ngoja niangalie," jibu ambalo mafundi tunawapa wateja tusipojua tatizo liko wapi.

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, nami singeweza kuingia kwenye kitanda kile hata mguu mmoja. Lakini karakana yangu, yaani ile baraza ya mbele ya nyumba, ina desturi yake. Kochi likiisha, halitoki kabla halijakaliwa na Bwana Mkubwa. Bwana Mkubwa ni gunia la mchanga lenye uzito wa mtu mnene. Namweka kwenye kiti, naendelea na shughuli nyingine, kisha narudi kuona amezama vipi na ameelekea wapi. Akizama vizuri, akaegemea ndani bila kurudi mbele, kochi limefaulu.

Basi nikamtengenezea Bwana Mkubwa mdogo wake. Nilikata mguu wa suruali kuukuu, nikajaza mchanga mpaka mkono ukaniambia uzito ni ule ule wa mwanangu, nikafunga kamba shingoni ili kichwa kipatikane. Kwa kalamu ya kuchorea mbao nikamwekea pua. Mama mkwe alikuwa anamsaidia mke wangu kuoga, mtoto yuko nao, chumba kitupu. Nikamlaza Bwana Mdogo ubavu, karibu na ukuta wa maua, nikaenda kula.

Niliporudi alikuwa amehama. Uzito wake ulikuwa umechimba shimo kwenye sponji, na shimo likampindua taratibu mpaka akalala kifudifudi mwanyani, palipokuwa na lile bomba. Bomba lilikuwa limebonyea kumpisha. Pua niliyomchorea sikuiona.

Kwa kochi, ningepiga mluzi wa furaha. Amezama vizuri, ameelekea ndani, hakurudi mbele. Nilisimama pale nikimtazama, na sikujua kama nimefaulu au nimefeli. Kitu kile kile, kwa kipimo kile kile, kilikuwa kizuri tangu nianze kazi. Sasa kimekuwa nini? Nikamtoa. Nikamlaza tena, safari hii chali. Nikabonyeza godoro mahali ambapo mkono wa mama ungekuja kumgusa, naye akateleza kuufuata mkono. Nikaketi chini.

Mwenye akili angefumua kila kitu saa ile ile. Mimi nilikibeba kitanda mpaka barazani ili nifikirie. Nikamwambia mke wangu apumzike kidogo, namalizia. Mama mkwe akaenda mjini kununua sabuni na vitu vya mtoto, arudi jioni. Nami nikabaki na kisu cha kufumulia mkononi, nikizunguka kazi yangu. Niliutoa mto wa mwezi. Nikaurudisha. Nikautoa. Nikakata kifungo kimoja, kikanitazama kama jicho. Nilijiambia labda nipunguze sponji nusu, nesi apate yake na mama mkwe apate yake. Kitambaa cha maua nilikuwa nimekichagua siku tuliyojua mke wangu ana mimba, na kila nilipoweka kisu juu yake niliona kama nachana kitu kingine.

Sijui nilisimama pale muda gani. Ninachojua ni kwamba nyumba ilikuwa kimya, na nikafurahia ukimya ule, nikaona ni wa amani. Kisha nikakumbuka kwamba kitanda cha mtoto ninacho mimi.

Mke wangu alikuwa kwenye kochi. Alikuwa ameketi kumnyonyesha, mahali pekee ndani ya nyumba ambapo angeweza kukaa bila tumbo kumuuma, na usingizi ukamchukua. Kichwa kilikuwa kimeanguka nyuma, mkono umelegea. Mtoto hakuwa kifuani. Nilimtafuta kwa macho na macho hayakumwona, kwa sababu niliangalia mapajani, nikaangalia sakafuni. Alikuwa pale kiti kinapokutana na mgongo. Mteremko wangu ulikuwa umemvuta ndani. Nilichoona ni kisogo na sikio moja. Alikuwa amelala vile vile alivyolala Bwana Mdogo.

Nilimchomoa. Sikumbuki kumshika, nakumbuka tu jinsi sponji ilivyorudi polepole nyuma yake, ikifunga nafasi, kama nilivyoitengeneza. Uso wake ulikuwa na alama za kitambaa. Alikuwa mwekundu, halafu akakunja uso, halafu akavuta pumzi moja ndefu na kulia. Sijawahi kusikia kitu kizuri namna ile.

Mke wangu akashtuka. "Umemchukua saa ngapi? Nilikuwa nimemshika."

Ningeweza kusema nimemchukua mikononi mwake. Alikuwa mgonjwa, amechoka, na uongo ule ungemlaza vizuri. Lakini kesho angeketi tena pale pale.

"Sikumchukua kwako," nikasema. "Nimemtoa humo."

Akageuka akaangalia nilipoonyesha. Akanyoosha mikono nikampa mtoto, akamwekea sikio kifuani, akakaa hivyo, akisikiliza.

"Mpeleke kwa nesi akamwone," akasema mwishowe. "Sasa hivi. Halafu urudi ufanye alivyosema."

Nilimpeleka. Nesi akampima, akamsikiliza kifua, akasema yu salama. Nilingoja anikaripie, lakini hakunikaripia, akaniuliza tu kama najua kukaza godoro. Nikamwambia hilo najua.

Kumbe mikono yangu ilijua zaidi ya neno moja. Nilifumua sponji yote. Vifungo nikavitia mfukoni, kuta nikaziacha mbao tupu, nikazipiga msasa mpaka shavu langu halikuhisi kitu. Nikatafuta godoro jembamba gumu, nikalikata lijae sandukuni pembe kwa pembe. Miguu nikaikata kidogo kidogo mpaka godoro dogo na godoro kubwa yakawa usawa mmoja. Ule mwanya sikuuziba. Nilichukua ile mikanda tunayoivuta chini ya makochi kushikilia kiti, nikaipitisha chini ya kitanda chetu, nikaivuta kwa nguvu zangu zote mpaka sanduku na kitanda vikashikana na kucha haikupita katikati. Shuka nikaivuta kama ngozi ya ngoma. Nikapiga ngumi. Iligonga, na mkono ukaniuma.

Tulimlaza chali. Nilisubiri alie, mwanangu, kwenye ubao ule. Akanyoosha miguu, akapiga mwayo, akalala. Mke wangu akajilaza upande wake, akanyoosha mkono, akamfikia bila kuinuka.

Mama mkwe alikuta kila kitu kimeisha. Akasimama mlangoni pale pale aliposimama siku ya kwanza.

"Mmemnyang'anya mtoto hata mto?"

Mimi na mke wangu tukatazamana. Kila mmoja akamngoja mwenzake.

"Jamani nimeuliza." Akatutazama mmoja mmoja, akaona hatujibu, akaguna. "Haya. Acha nikakae, miguu inaniuma." Akaelekea sebuleni.

Kwenye kochi alikuwa ameketi Bwana Mkubwa. Nilikuwa nimemweka pale mwenyewe, kabla sijafanya lolote jingine.

"Na huyu je?" mama mkwe akaita. "Baba, njoo unitolee gunia lako."

"Mwache, mama," mke wangu akajibu kutoka kitandani. "Hapo ndipo baba yake alipomkuta mtoto. Nilipitiwa na usingizi. Alikuwa amezama humo nyuma."

Nilikwenda nikamkuta mama mkwe ameinama. Alipitisha mkono pembeni mwa gunia, akautia pale kiti kinapokutana na mgongo. Ukaingia mpaka kiganja, ukaingia mpaka kiwiko. Alikaa hivyo kidogo, ameinama, kama mtu aliyeangusha kitu na anakitafuta kwa kupapasa. Kisha akautoa, akautazama.

Hakuuliza tena habari za mto. Alivuta kiti cha mbao kutoka jikoni, akakiweka kando ya kitanda cha ubavuni, akaketi, akaanza kuilainisha shuka ambayo haikuwa na kunjo hata moja.