Nyasi Iliyofungwa Si Kama Ile Yetu

Mama mwenzangu, kama nyumbani kwenu kuna stoo ya nyasi, soma hii kabla watoto hawajafunga shule.

Mwezi wa nane tulikuwa tumekaa mlangoni tukichagua ndengu, mimi na binti yangu Nzisa wa miaka tisa, na Muthoki, mtoto wa shemeji yangu Kilonzo. Wakaniuliza zamani tulikuwa tunacheza nini na hakukuwa na televisheni. Nikawaambia juu ya banda la nyasi kule Kibwezi, ambako baba yangu alichunga ng'ombe za mtu. Banda lilikuwa kuukuu, mabati yametoboka. Mimi na dada yangu Wayua tulipanda kwa boriti tukaruka, na ukianguka unazama mpaka shingo. Halafu tulichimba kama panya hadi katikati, tukatengeneza nyumba, tukakaa humo kimya mama akituita kufua.

"Na haikuwaangukia, Mwaitu?" Nzisa akauliza, vile anavyoniita mama kwa Kikamba.

"Nyasi ikuangukie ikufanye nini? Ni kama blanketi."

Nilisema hivyo, na nikacheka.

Sikufikiria kwamba nyasi yetu ilikuwa ya kurushwa tu, haijafungwa. Siku hizi huku Zombe watu wanapanda nyasi ya kuuza. Wanaikanyaga ndani ya sanduku la mbao mpaka inakuwa ngumu, wanaifunga na kamba ya katani, inakuwa robota. Robota moja ukilibeba kwa kichwa, shingo inauma siku mbili. Kilonzo alikuwa ameyapanga kwa stoo yake kama matofali, mpaka juu kwa mabati.

Kesho yake mchana Muthoki akaja mbio, uso wote vumbi.

"Auntie, Nzisa yuko kwa nyumba na mlango umejifunga."

"Nyumba gani?"

"Ya nyasi. Alivuta moja ya chini."

Nilikimbia kwa stoo ya Kilonzo, nikakuta ukuta mzima wa robota umelala. Nikaita. Sauti ikatoka ndani, kama ya mtu aliye ndani ya mtungi.

"Mwaitu, niko hapa. Mguu ndio hautoki."

Nikashika robota la kwanza nikavuta. Ya juu yakasogea, na mtoto akalia vile sijawahi kumsikia akilia. Kilonzo alifika kutoka zizini, akanivuta nyuma na leso yangu.

"Usiguse, Mama Nzisa. Hiyo ndiyo imeshikilia zingine. Tunatoa kutoka juu."

"Basi nipande nikusaidie."

"Ukipanda unamkanyaga. Kaa hapo uongee na yeye."

Nikakaa chini. Yeye na mke wake wakaanza kutoa, moja, halafu wanangoja waone kama kuna kitu kimesogea, halafu lingine. Mimi mama yake nilikuwa karibu hata ningeweza kuzigusa zile nyasi, na mikono nimeikalia.

"Unapumua?"

"Vumbi ni mingi."

"Funika pua na rinda."

"Nimefunika. Mwaitu, nyinyi mlikuwa mnatoka aje?"

Sisi tulikuwa tunasimama tu, nyasi inapanguka yenyewe.

"Kilonzo anakuja," nikasema. "Amebakisha kidogo."

Hakuwa amebakisha kidogo. Baadaye nikaita, hakujibu. Nikaita tena. Mke wa Kilonzo akaacha kushusha, akaniangalia.

"Endelea kumwita," Kilonzo akasema bila kugeuka, halafu akamwambia mkewe, "Na wewe shika upande ule."

Niliita mpaka koo likakauka. Nilimwita na lile jina la utani ambalo hapendi, la kumkasirisha, ili anijibu hata vibaya. Hakujibu.

Walipomfikia alikuwa anapumua, lakini amefumba macho, na paja limepinda mahali pasipo na goti.

Sasa ni wiki ya tano hospitalini. Mguu umefungiwa uzito, unaning'inia. Daktari anasema unaweza kubaki mfupi, tungoje. Nikiuliza tungoje mpaka lini, anasema tungoje.

Jana muuguzi mmoja akibadilisha shuka akamgombeza. "Msichana mkubwa hivi. Nani alikufundisha kuchimba nyumba kwa nyasi?"

Nzisa akaniangalia. Nilikuwa nimesimama hapo na uji wake mkononi.

"Hakuna mtu," akasema. "Ni mimi tu."

Muuguzi akatikisa kichwa, akaniambia watoto wa siku hizi hawasikii. Na mimi nikaitikia ndiyo.