Fulana ya Sumaku

Mkwe wangu Eliakim ana kipaji kimoja tu: kuamini upuuzi akiwa amevaa tai. Ni karani wa ghala la mahindi pale Kitale, lakini ukimsikia akiongea utadhani mahindi yote ya Trans-Nzoia aliyapanda yeye kwa mkono wake. Nilimwambia binti yangu Dinah mapema kwamba huyu mtu ni mdomo mtupu. Akaolewa naye hivyo hivyo.

Mwaka wa 2006 moyo wa Eliakim ulianza kwenda mbio ovyo, akawa anaanguka kazini. Ndugu zake wakafanya harambee, akapelekwa India, akarudi na mashine ndogo imeshonewa chini ya ngozi ya kifua, upande wa kushoto. Dinah alinieleza kazi ya mashine hiyo kwa simu. Moyo ukianza kutetemeka vibaya, mashine inaupiga shoti ya umeme, nao unarudi kwenye mwendo wake. Bila hiyo shoti, mtu anakufa kabla hujamaliza kuita jirani. Na daktari aliwaonya jambo moja waziwazi: sumaku isikae kifuani, maana ikikaa pale mashine haipigi tena.

Shoti ilimpata mara mbili ghalani, mbele ya wachuuzi. Alisema ni kama teke la punda. Mtu mwenye akili angeshukuru na kumeza dawa zake. Eliakim aliona aibu. Alitaka kupona bila kuonekana kwamba aliugua.

Hapo ndipo akatokea Levi, na viatu vyake vya kung'aa, akiuza fulana zilizoshonewa vipande vya sumaku kifuani na mgongoni. Alijiita Mkurugenzi wa Kanda. Kanda yenyewe ilikuwa yeye na begi lake. Kwa maneno yake, fulana hizo zilitibu presha, sukari, mgongo na ndoa. Eliakim akavaa yake, na yale mateke yakakoma. Akapiga simu huku na huku akitangaza kwamba amepona. Dinah alipomkumbusha maneno ya daktari, alimjibu, "Wewe ulisomea udaktari wapi?" Na Dinah wangu, niliyemlea akijua kusema, akaishia kumfulia hiyo fulana. Hilo nalo lilinikera.

Kisha akauleta ujinga wake nyumbani kwangu Naitiri. Alikuja Jumamosi moja pamoja na Levi, kuwauzia fulana kina mama wa kanisa letu. Dinah alibaki Kitale na mtoto mwenye homa.

Kwetu mama mkwe na mkwe wake hawasogeleani. Hatushikani mikono, hatuli pamoja, hatutazamani usoni. Miaka yote hiyo nilikuwa sijui vizuri hata pua yake imekaaje. Kwa hiyo niliketi jikoni, mlango nimeuacha wazi kidogo, nikawa nasikiliza. Wakhungu, ndugu wa marehemu mume wangu, ndiye aliyekuwa akibeba maneno kati yetu.

"Mimi ndiyo ushuhuda," Eliakim aliwaambia kina mama waliokaa uani. "Hii mashine ya Wahindi ilikuwa inanichapa kama mwizi. Lakini tangu nivae hii fulana, kimya! Mashine imeogopa."

"Amina!" wakaitikia. Watu wazima, wengine wana wajukuu.

Nikamtuma Wakhungu akamwambie avue hicho kitu. Akaenda, akarudi.

"Anasema mama asiwe na wasiwasi, ati fulana yako pia iko kwa begi."

Eliakim alikuwa bado anatabasamu aliposhika kiti, na kiti kikaenda naye chini. Kina mama wakapiga nduru. Wengine wakaanza kuomba, wengine wakampepea kwa leso. Levi alipiga magoti, akaibana ile fulana kifuani kwa viganja vyote viwili.

"Msiguse! Iko kazini, bana! Harafu mrudi nyuma apate hewa!"

"Mvueni hiyo fulana!" nikapaza sauti kutoka mlangoni. "Wakhungu, mvue!"

Wakhungu akaniangalia mimi, kisha akamwangalia Levi na viatu vyake.

"Si tungoje kidogo, shemeji? Huyu ndiye anajua hizi vitu."

Midomo ya Eliakim ilikuwa inabadilika rangi. Akilini nilimwona Dinah akiwa mjane na mtoto mgongoni, kwa sababu ya fulana. Nikatoka jikoni.

Nilimsukuma Levi, akaketi juu ya maua yangu. Nikashika shati la mkwe wangu, nikalirarua, vifungo vikaruka. Fulana ilikuwa imembana. Niliivuta ikapita mabega, ikapita kichwa, huku kina mama wakigeuza nyuso na mmoja akilia, "Uuwi, Mama Dinah!" kana kwamba ni mimi ninayemuua. Kifua chake kikawa wazi mbele ya macho yangu, mashine imetuna chini ya ngozi. Nikaitupa fulana mbali, nikamshika mabega, nikangoja. Hakuna kitu. Nikadhani nimechelewa.

Ndipo mwili wake wote ukaruka mikononi mwangu, na kitu kikali kikanipita viganjani. Akavuta pumzi ndefu ya kukoroma.

Alipofungua macho, wa kwanza aliyemwona ni mimi. Akafunika uso, halafu kifua.

"Nani amenivua?" akauliza. Hilo ndilo lililomsumbua.

Wazee wa ukoo walikaa, wakaamua nitoe kondoo wa kututakasa mimi na mkwe wangu, kwa mwiko tuliouvunja. Wakhungu alikuwa kati yao; yeye aliyetaka tungoje mtu akifa, siku hiyo sauti ilikuwa imemrudia vizuri kabisa. Nikatoa kondoo. Levi naye nasikia alihamia Bungoma mjini, anawasimulia watu jinsi fulana yake ilivyofufua maiti Naitiri.

Siku ya kondoo Eliakim alikuja na Dinah. Alikaa amenipa mgongo, Wakhungu katikati yetu. Baada ya kula, alimnong'oneza Wakhungu.

"Anauliza ile fulana uliweka wapi," Wakhungu akaniambia.

Dinah akainamisha kichwa. Nikamgeukia Wakhungu.

"Mwambie iko chooni. Kama anaitaka, aingie. Shimo ni refu, lakini yeye si ni mkubwa wa kila kitu?"

Nilikuwa na mengine mengi ya kumwambia, niliyoyaweka tangu siku ya posa. Wakhungu alifungua mdomo kuyapeleka maneno yangu, lakini Eliakim hakumngoja. Aliongea mwenyewe, akiutazama ukuta, kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake.

"Mama, ile shoti inauma. Nikilala naingoja, nikiamka naingoja."

Nikaviangalia viganja vyangu.

"Najua, mwanangu," nikamwambia. "Nilikuwa nimekushika ilipopiga."