Darasa la Wasiojua Kiswahili

"Kaka yangu, kopo limejaa mpaka linamwagika, na bado unataka nyongeza? Nikuongeze maharage au nikuongeze na meza yenyewe? Haya ni ya Mpitimbi, yanaiva kabla hujamaliza kumenya kitunguu. Kama huyataki rudisha, wenye shida nayo wapo!"

Wenye shida nayo hawakuwapo, lakini Notburga aliweza kusema namna hiyo tangu soko la Songea linafunguliwa mpaka adhuhuri bila kumeza mate. Mteja wake, karani aliyehamia mjini mwezi uliopita, alikwishaanza kuchomoa pesa mfukoni. Ndipo Land Rover nyeupe ya mradi ikatokea kwenye kona, polepole, vioo vimeshushwa, Dokta Jane amekaa mbele.

Notburga akanyamaza katikati ya neno. Akatazama juu kama anakagua mawingu.

"Mbona kimya?" karani akauliza. "Unaongeza au huongezi?"

Notburga akamjibu kwa Kingoni, kwa sauti ya upole kabisa, kwamba waliomlea walifanya kazi nusu. Karani hakujua Kingoni hata cha salamu. Akaona amekubaliwa, akachota viganja viwili vya nyongeza, akashukuru na kuondoka. Gari likapita. Notburga akabaki anatazama shimo kwenye fungu lake la maharage.

Huo ulikuwa mwezi wa kumi na mbili wa kutokujua Kiswahili, na hasara kama hiyo aliipata karibu kila wiki.

Mambo yalianza mwaka jana, 1992. Mradi ulitoka mbali, chini ya Dokta Jane, ukiwa na wafadhili wake na magari yake, ukitaka kujua mtu mzima anajifunzaje lugha ya pili. Walihitajika wanawake kumi wanaosema lugha ya nyumbani tu. Wangefundishwa Kiswahili mwaka mzima, wakirekodiwa kila baada ya miezi mitatu, na atakayefika mwisho angepewa cherehani mpya ya kukanyaga kwa miguu. Atakayegundulika kwamba alikijua Kiswahili tangu mwanzo angeondolewa mikono mitupu.

Kazi ya kuwatafuta alipewa Mwalimu Rupert wa elimu ya watu wazima, ambaye posho yake ya serikali ilikuwa imeacha kuja bila kuaga. Mwalimu alikwenda Mpitimbi kwa baiskeli, akaenda Hanga kwa lifti ya mapadri, akafika mpaka Lusewa juu ya lori la tumbaku. Alipata vikongwe wawili. Mmoja alimweleza kwa Kiswahili kilichonyooka kwamba yeye Kiswahili hakijui na wala hana haja nacho. Wa pili alikuwa haongei na mtu kwa lugha yoyote.

Akarudi mjini, akapita mtaa wa Lizaboni nyumba kwa nyumba. "Dada zangu," alisema huku anajifuta jasho, "semeni hamjui. Mwaka mmoja tu."

Notburga alicheka mpaka akakaa chini. Mwalimu Rupert huyo huyo ndiye aliyemfundisha kusoma na kuandika mwaka 1975, wakati wa kampeni ya kisomo, na cheti chake alikitia saini mwenyewe. Siku zile nchi ilitembea kifua mbele kwa ajili ya watu waliojua. Siku hizi wanatafutwa wasiojua, kwa sababu wasiojua ndio wenye wafadhili.

Aliposikia habari ya cherehani aliacha kucheka. Mumewe, Urban, alikuwa amepunguzwa kazi pamoja na wenzake, akabaki anashinda nyumbani akirekebisha mlango ambao haukuwa mbovu. Binti yao Lidwina alikuwa amerudishwa kutoka shuleni mara mbili kwa kukosa sketi ya sare. Mwenye cherehani angemshonea mwanawe, kisha angeshona sare za mtaa mzima. Notburga akauliza, kwa Kingoni, darasa linaanza lini.

Hakujua kama kutokujua ni kazi ngumu hivyo. Kujua alijua mara moja tu, basi. Kutokujua kulihitaji mipango. Ukikosea sana unaambiwa huendelei, unaachwa. Ukikosea kidogo unashukiwa. Kila Jumapili jioni akina mama kumi walikutana uani kwa Halima, Myao mcheshi aliyekuwa jirani wa Notburga sokoni, wakagawana makosa ya wiki ili wasikosee wote mahali pamoja. Halima mwenyewe ndiye aliyekuwa dhaifu kuliko wote. Mwezi wa nne alimsahihisha Mwalimu mbele ya Dokta, ikabidi akohoe mpaka apelekewe maji.

Naye Dokta Jane alikuwa mtu mwema, hapo ndipo palipouma. Aliyahesabu makosa yao, akayachora kwenye karatasi ya miraba, na mstari uliposhuka vizuri alifurahi kama mzazi. Mwezi wa tisa, Notburga alipoeleza habari ya kuku aliyepotea kwa makosa kumi na moja tu, Dokta alitoa leso akajifuta macho. Notburga aliona aibu siku ile, aibu ya kweli, akashindwa kula ugali wake wa jioni.

Basi, leo ilikuwa siku ya mwisho. Kipimo cha mwisho, halafu cherehani.

Alifunga meza mapema, akamwachia jirani mwingine, akaongozana na Halima mpaka kwenye darasa waliloazimwa na shule. Cherehani zilikuwa mbele, kumi, kila moja ndani ya boksi lake. Wanawake walikaa kwenye madawati ya watoto, magoti yamegusa videvu, macho yote kwenye maboksi. Dokta Jane alikuwa ametoka kutafuta betri za redio yake ya kurekodia, kwa sababu umeme ulikuwa umekatika tangu jana.

Akaingia Mwalimu Rupert, na nyuma yake bwana mmoja wa suti ya kaki na kalamu tatu mfukoni. Huyu alikuwa Bwana Brayson, ofisa mgeni wa maendeleo, wiki ya tatu tangu ahamishiwe Songea. Ndiye aliyetakiwa kukabidhi zawadi.

"Ndio hawa?" akauliza. "Kiswahili hawasikii?"

"Ndiyo... ndiyo kwanza wanajifunza, mheshimiwa," Mwalimu akasema.

Bwana Brayson akainama mbele ya Notburga. "MAMA," akapaza sauti kama anamwita mtu ng'ambo ya mto, "HU-JAM-BO?"

"Jambo," Notburga akasema.

"Mwaka mzima, jambo! Hela za watu hizi." Akayageukia maboksi, akayagonga moja moja. "Sasa sikiliza, Mwalimu. Hizi nitatangaza kwamba zinakwenda kwanza ofisini kwangu kwa ukaguzi. Baada ya ukaguzi tunawaletea mbili, washone kwa zamu. Moja anachukua mke wangu, moja shemeji yangu, moja utapata wewe. Zinazobaki nina watu wangu."

"Mheshimiwa," Mwalimu Rupert akasema, "labda tungeongelea nje."

"Nje kuna watu! Hapa nani anatusikia?"

 Halima alikuwa amembana Notburga paja kwa kucha. Notburga alitazama ubaoni, ambako Mwalimu aliandika jana *Hiki ni kikombe*, na damu ikamchemka hata akahofia itasikika. Akisema neno moja, amejulikana, na cherehani hana. Akinyamaza, cherehani hana vilevile, na tena ameibiwa mbele ya macho yake huku ameambiwa hujambo.

Dokta Jane akarudi na betri, akaketi kwenye kona, akawaita mmoja mmoja. Swali la kipimo lilikuwa lile lile la siku zote: eleza ulichokiona leo.

Zamu ya Notburga ilikuwa ya kwanza. Akavuta pumzi, akapima maneno yake kama anavyopima maharage.

"Leo mimi naona bwana," akasema taratibu kwenye kipaza sauti. "Bwana iko suti. Bwana nasema cherehani enda ofisi yake. Moja ya mke yake. Moja ya shemeji. Mama kumi napata mbili tu. Mimi naumia roho."

"Vizuri sana!" Dokta Jane akamnong'oneza, kalamu yake inakimbia kwenye karatasi. "Umetaja jamaa, umetaja idadi, umetaja na hisia! Makosa sita tu, Mama Lidwina. Sita!"

"Dokta, bwana nachukua cherehani."

"Nimesikia, na nimekupa alama zote. Hongera. Aitwe Halima."

Halima akaeleza habari ya bwana na cherehani, kwa makosa saba. Aliyemfuata akaeleza hiyo hiyo, akaongeza mfano wa fisi. Wa nne hivyo hivyo, mpaka wa kumi. Dokta Jane akamtazama Mwalimu kwa heshima mpya. "Umewafundisha msamiati wa cherehani," akasema. "Wazo zuri."

Mwalimu akasema asante.

Vipimo vilipokwisha, Bwana Brayson akasimama, akakohoa, akatoa hotuba. Alisema serikali imefurahi. Alisema akina mama ni nguzo. Alisema kwa mujibu wa utaratibu, vifaa vyote vitapelekwa ofisini kwake kwa ukaguzi, na akina mama watavumilia kidogo.

"Kama ni utaratibu, sawa," Dokta Jane akasema. Alikuwa tayari anakunja nyaya zake, amechoka na ana furaha. "Pigeni makofi."

Wanawake tisa wakapiga makofi, kwa sababu waliambiwa. Notburga hakupiga. Aliwaza sketi ya Lidwina. Aliwaza pia miezi kumi na miwili ya kuvumilia kuitwa bubu sokoni kwake mwenyewe, kumbe amevumilia ili mke wa ofisa apate cherehani ya bure. Akajinasua kutoka kwenye lile dawati dogo, akasimama.

"Dokta Jane, samahani. Shikilia hapo hapo kabla hawajapakia. Huyu bwana hana ukaguzi wowote. Ameingia hapa wewe ukiwa dukani, akazigawa cherehani kama njugu mbele yetu, akidhani anaongea na mawe. Tumekwambia wote kwenye hicho kipaza sauti, ukatuhesabia makosa. Zirudishe nyuma kaseti zako, mama. Mara hii usihesabu. Sikiliza."

 Dokta Jane alibaki na waya mkononi.

"Mama Lidwina," akasema polepole, "Kiswahili hiki umekipata lini?"

"Zamani, Dokta. Naomba unisamehe. Wewe ulikuwa mtu mzuri kwetu."

"Tapeli!" Bwana Brayson akang'aka. "Mnamwona? Amewadanganya mwaka mzima, na sasa ananizulia mimi!"

 Dokta Jane akakaa, akarudisha kaseti nyuma, akabonyeza. Sauti ya kwanza ikasema bwana iko suti. Ya pili ikasema bwana nachukua cherehani. Ikaja ya fisi. Alisikiliza sauti sita. Kisha akainua macho, akawatazama wale wanawake tisa.

Wale tisa nao wakamtazama, nyuso zimetulia, hazina neno hata moja ndani. Halima alikuwa ameachama kidogo. Huo ulikuwa ujinga safi kabisa, na Dokta Jane, ambaye kazi yake ya miaka mitatu ilikuwa imekaa juu ya madawati hayo, aliona ni afadhali asiuguse.

"Bwana Brayson," akasema, "hawa wamefika ngazi ya tatu. Mtu wa ngazi ya tatu anaweza kusema alichokiona. Kiswahili cha kutungia uongo bado hana. Hilo limeandikwa katika tafiti zote."

Bwana Brayson akafungua mdomo. Kusema kwamba wanawake hawa wanakijua Kiswahili ilikuwa ni kukiri kwamba walimsikia. Akaufunga.

"Cherehani zitolewe hapa hapa," Dokta akasema. "Sasa hivi."

Wakaitwa kwa majina. Walitoka mmoja mmoja na boksi kichwani, wakilia na kucheka, na kila mmoja alipompita Notburga alimgusa bega. Halima alisimama. "Lidwina aje kesho na kitambaa," akasema kwa sauti ya chini. "Sketi yake ndiyo ya kwanza."

Likabaki boksi moja.

"La huyu aliyeondolewa litarudi mikononi mwa serikali," Bwana Brayson akasema, akaliwekea mguu juu. "Huo ndio utaratibu, Dokta. Umeandikwa kwenye mkataba wenu." Ulikuwa umeandikwa kweli. Mwalimu Rupert akamsaidia kulibeba mpaka kwenye gari, kichwa chini.

Dokta Jane akabaki na Notburga na fomu ya kuondolewa. Akaisoma juu mpaka chini mara mbili, akitafuta kitu.

"Sababu ziko tatu tu," akasema. "Amehama. Amefariki. Ameshindwa kujifunza."

"Sijahama," Notburga akasema.

"Naona."

Dokta akaweka alama kwenye ya tatu.  Akafungua kibweta cha wino, akakisogeza. Notburga akakirudisha, akaomba kalamu.

"Tafadhali, Mama Lidwina, weka dole gumba tu. Fomu hii inakwenda mbali. Watashangaa aliyeshindwa kujifunza ameandikaje jina lake."

"Waache washangae," Notburga akasema, akaandika la ubatizo, la baba na la babu, bila haraka, kwa ule mwandiko wa mwaka sabini na tano.