Nyumba ya Chini Imeunganishwa

Asubuhi ile Mama Apolline alikuwa anaipangusa kompyuta ya marehemu mumewe kwa kitambaa kilicholowa maji ya sabuni. Alianza na kichwa, yaani kile kioo chenye mgongo mnene kama wa kobe, akashuka kwenye lile sanduku la chini, akamalizia na meno, yaani vitufe vya kuandikia. Jino moja lilikuwa limeng'oka zamani, na Laurent mumewe alibandika punje ya hindi mahali pake. Punje ilikuwa bado ipo. Aliipangusa nayo pia.

Laurent alipokuwa hai aliiweka kompyuta hiyo chini ya mwavuli kando ya barabara, akiwaandikia watu barua za kuomba kazi na matangazo ya matanga. Siku ile ya Januari 2002 moto wa volkano uliposhuka mpaka mtaa wao wa Majengo, hapa Goma, aliibeba kichwani akakimbia nayo kuvuka mpaka kuelekea Gisenyi. Cherehani ya mkewe aliiacha ndani. Mama Apolline hakuwahi kumlaumu. Alimkumbusha tu, kila mwezi wa Januari, mpaka alipokufa.

Mawe yalipopoa watu walirudi kutafuta parsele zao, yaani viwanja vyao. Aliyeona ncha ya bati lake ikitokeza kwenye jiwe alisimama hapo akasema, ni hapa. Ambaye hakuona kitu alimuuliza jirani aliyeona. Kisha kila mmoja akajenga juu ya yake. Kwa hiyo nyumba ya Mama Apolline ya mbao, ambayo mlango wake unatazama mlima, imesimama juu ya nyumba yake ya tofali, ambayo mlango wake unatazama ziwa. Katika Majengo karibu kila mtu ana nyumba chini ya nyumba, na hakuna anayeliona jambo hilo kuwa la kusimulia.

Kompyuta ilikuwa inasafishwa kwa sababu ya mbuzi. Apolline ni jina la mama mwenyewe; Héritière, binti yake pekee, alikuwa Butembo akifanya kazi ya uuguzi, na Jumamosi wangekuja kumposa. Barabara ya kwenda huko ilikuwa imefungwa na watu wenye bunduki, ndege hazikuruka, na mama alikuwa Goma. Sasa kwa ukoo wa Laurent, mbuzi wa mama, yule ambaye wakwe humletea mama wa binti, hafunguliwi kamba mpaka mama mwenyewe aseme afunguliwe. Akibaki amefungwa hadi jua linapozama, wakwe wanamrudisha kwao, na ndoa inarudi naye. Simu haikutosha. Muzee Jephté, msemaji wa upande wa bwana harusi, alikuwa amekwisha danganywa na shangazi mmoja aliyejifanya mama kwenye kioo kidogo cha simu. Tangu hapo alikuwa na sharti moja: "Tumuone mama muzima, na nyumba yake nyuma yake."

Ndiyo maana Mama Apolline aliomba fibre, intaneti ya waya.

Kampuni ilimtuma Rodrigue, kijana mwenye shati lenye jina la kampuni mgongoni na viatu visivyopenda mawe. Kwanza alikula. Mama Apolline hakuwa mtu wa kumfanyisha mgeni kazi na njaa, na Rodrigue hakuwa mtu wa kukataa. Alipomaliza sahani ya pili ya sombe, mboga ya majani ya muhogo, akaitazama kompyuta.

"Mama, hii ni kompyuta ao ni friji?"

"Ni kompyuta."

"Inakulaka makala ao kuni?"

"Papa, weka kable."

Rodrigue akacheka mpaka sombe ikamwonekana menoni. Akaeleza kwamba nguzo hakuna. Nguzo ni za mitaa ya wakubwa, kule ambako mbwa wana askari. Majengo kable inapita chini. Mama Apolline akamwuliza chini wapi, maana ni jiwe. Rodrigue akasema hiyo ni shauri ya kable.

Akaiweka ncha ya kable juu ya jiwe, nyuma ya jiko, na jiwe likaanza kuimeza. Liliimeza polepole, bila kelele, kama mzee anayekula tambi. Lile gurudumu la kable lilizunguka lenyewe mikononi mwa Rodrigue, naye alitumia nafasi hiyo kujibu ujumbe wa wasichana kwa kidole gumba. Kable ilipokaribia kwisha, kompyuta kibao aliyoitundika shingoni ikawa na rangi ya kijani.

"Voilà. Nyumba imeunganishwa."

Mama Apolline akaenda kuwasha kompyuta. Ilinguruma, ikaonyesha picha ya maua ambayo Laurent aliiweka, basi.

"Hii nyumba haijapata kitu."

"Hii nyumba haiko kwa plan, mama." Akamwonyesha ramani kwenye kompyuta kibao. Parsele ilikuwa yake, jina la Laurent lilikuwapo, na katikati ilichorwa nyumba ya tofali, mlango ukitazama ziwa.

"Ile ni nyumba ya chini."

"Ndiyo nyumba yenu. Plan inasema njo nyumba yenu."

"Na hii nimekaa ndani?"

Rodrigue akaziangalia mbao, akaangalia na mabati, kwa adabu kidogo, kama mtu anayeonyeshwa picha ya maiti asiyemjua.

"Hii siioni," akasema. Akaomba maji ya kunawa.

Kuanzia siku hiyo mwanga wa bluu ulivuja kwenye nyufa za jiwe nyuma ya jiko, na kuku wakahamia pale kwa sababu palikuwa na joto. Uwingabire, jirani aliyeuza makala, yaani makaa, upande wa pili wa ua wa mabati, alichungulia akaguna.

"Mama Héri, ni kusema nyumba yako ya chini iko na connexion, na mimi wa juu sina?"

"Na mimi wa juu sina."

"Basi pole yetu. Ya chini inajivuna sana."

Mama Apolline akavaa kikwembe chake cha kanisani, akaenda ofisini. Mkubwa wa kampuni aliitwa Achille. Alikuwa na mlango wa kioo, na nyuma ya kioo baridi ya kununua, na ndani ya baridi koti, kwa sababu alisikia baridi. Alimwacha asimame mpaka alipochoka yeye kumwona amesimama. Kisha akamwonyesha kiti kwa kalamu.

"Mama, uko na problème gani?"

"Nyumba yangu haina internet."

Achille akaandika kitu, akageuza kioo chake ili aone alama ya kijani. "Ya kwako ni ya kwanza katika Majengo yote. Ona vile iko vert. Hata hoteli hazina connexion kama hii."

"Hiyo ni ya chini."

"Ya chini, ya juu, hayo ni mambo yenu na volkano. Kampuni haiingiliaki."

"Binti yangu wanamuposa samedi. Inafaa wanione."

"Mama, sikia muzuri." Hapo akaanza kusema polepole, kwa sauti ya juu, kama watu wenye mlango wa kioo wanavyosema na mtu aliyeishia shule ya primaire. "Ile nyumba haijatulalamikia hata siku moja. Njo wewe tu."

"Hakuna mutu ndani."

"Njo vile tunapendaka wateja." Akacheka peke yake. "Na hiyo kompyuta, technicien aliniambia. Nunua ya wakati huu, mama. Tuko wapi sasa?"

"Tuko ofisini kwako, papa."

Achille akafikiri amekubaliwa. Akasimama kumfungulia mlango, jambo ambalo hakulifanya alipoingia.

Nyumbani Mama Apolline alivua kikwembe cha kanisani, akakikunja, akavaa cha kazi. Kwenye fundo la kiunoni alikuwa na funguo mbili. Ule mdogo ni wa nyumba ya juu. Ule mkubwa ni wa nyumba ya chini, na hakuwahi kuutoa, kwa sababu hakuona sababu ya mtu kutupa ufunguo eti nyumba imeenda mbali. Akachukua mwiko wa fufu, ugali wa muhogo, akaenda nyuma ya jiko, akawafukuza kuku. Jiwe lilikuwa limelainika pale kable ilipopita, laini kama fufu ambayo bado haijashika. Akalisonga. Alisonga kwa subira, akigeuza, akikandamiza kwenye ukingo, mpaka shimo likatosha mwanamke mwenye nyonga.

Uwingabire alileta kamba yake ya kufungia magunia. Akamshusha nayo Mama Apolline mpaka miguu yake ikagusa ngazi ya saruji ya baraza lake, na mbele yake palikuwa na mlango wake, na kufuli haikuwa na kutu. Ufunguo ulizunguka.

Ndani palikuwa kama alivyopaacha. Pazia la maua mekundu lilikuwa limevutwa nusu. Viatu vya Laurent vya kazi vilikuwa chini ya kiti, vimefungwa kamba, maana alikuwa mvivu wa kufungua. Juu ya mbabula, lile jiko la makaa, sufuria ya maharage ilikuwa inachemka, na Mama Apolline alipoyaonja yalikuwa yamebakiza kidogo kuiva. Maharage ya Masisi hayana haraka. Taa ilikuwa inawaka. Umeme wa Januari ile haukuwahi kukatika, kwa kuwa hakuna ofisi iliyokumbuka kuukata. Kwenye kona, kable ya Rodrigue ilikuwa imejikunja vizuri kama nyoka aliyeshiba, na ncha yake imeinuka.

Cherehani ilikuwa dirishani. Chini ya sindano yake palikuwa na uniforme ya shule ya mtoto, blauzi nyeupe, mkono mmoja umeshonwa, mwingine bado.

"Uko sawa?" Uwingabire aliita kutoka juu.

"Niko nyumbani. Leta kichwa."

Kichwa kilishuka kimefungwa ndani ya kikwembe, kikigonga huku na huku, na sauti ya Uwingabire ikikifuata. "Ee Mungu! Hiki kichwa ni kizito kuliko cha bwana yangu, na hiki angalau kiko na kitu ndani!" Sanduku likafuata, kisha meno, kisha ile kamera ndogo ambayo Héritière aliituma zamani kabla barabara haijafungwa. Mama Apolline akapanga vyote juu ya meza ya kulia, akachomeka kable. Maua ya Laurent yakaonekana, kisha yakaondoka, na nyuma yake ulimwengu wote ukaingia bila hata kukwama.

Jumamosi alikaa mbele ya kioo, kilemba kimefungwa sawasawa. Butembo ilikuwa na jua. Aliwaona wakwe wamepangwa kwenye viti vya plastiki, Héritière amefunikwa kitenge kichwani, na mbuzi mweupe amefungwa kwenye mguu wa tenti. Muzee Jephté alisogeza uso mpaka pua yake ikajaza kioo.

"Njo wewe mama ya binti?"

"Njo mimi, muzee."

"Nyuma yako kuna nini?"

"Kuna ukuta wangu. Kuna pazia. Kuna viatu vya baba yake, munisamehe, havijapangwa."

"Geuza tuone."

Akaigeuza kamera taratibu kuizungusha sebule, na wakwe wakasogea kutazama.

"Tofali," Muzee Jephté aliwaambia wenzake, ameridhika. "Tuliambiwaka ni ya mbao."

"Ya mbao iko juu."

"Sawa. Kila mutu na ngazi yake." Akasimama wima, akagonga fimbo chini. "Mama, mbuzi yako iko hapa. Tufanye nini?"

"Muifungue."

Wakaifungua. Mbuzi alitembea moja kwa moja mpaka kwa shangazi mmoja, akaanza kutafuna pindo la kitenge chake, na wanawake wakapiga vigelegele mpaka sauti ikapasuka kwenye kompyuta. Héritière alikuwa haangalii mbuzi. Alikuwa anaangalia kioo.

"Mama. Pale kwa dirisha. Ile njo uniforme yangu ya première primaire?"

"Njo ile. Mukono moja bado."

Bi harusi akajipangusa macho kwa kitenge. "Umalize, mama."

Habari za connexion nzuri zilienea. Watu wa Majengo waliomba fibre mmoja baada ya mwingine, na Rodrigue alikuja akala kwa kila mmoja, na jiwe likameza kable ya kila mmoja. Uwingabire alishuka kwake na kigoda na kikapu cha mboga, akarudi na malalamiko kwamba panya wa 2002 walikuwa na adabu kuliko hawa wa juu. Mchana mtaa ulipika juu, na jioni ulishuka chini kuongea na watoto wake walio mbali. Kwenye kioo cha Achille, Majengo nzima ikawa ya kijani. Nguzo hakuna iliyoletwa.

Mwishowe Achille alikuja mwenyewe, pamoja na mpiga picha, kwa ajili ya bango kubwa la barabarani. Mvua ilikuwa inakaribia, akaingia nyumba ya mbao bila kubisha, akaketi kwenye kiti cha Mama Apolline, akanyoosha miguu. Mama Apolline akamletea chai ya maziwa. Achille alipenda sukari nyingi, akaongeza. Mpiga picha alikuwa nje akipiga picha za jiwe: jiwe kwa karibu, jiwe kwa mbali, jiwe na kuku. Kisha kuku akafukuzwa kwa kuwa anaharibu.

Simu ya Achille ikalia. Bila shaka alikuwa mkubwa wake wa Kinshasa, kwa kuwa Achille alitoa miguu mahali alipoinyoosha, akakaa wima.

"Oui, chef. Niko pale pale. Non, chef, hapa juu hakuna kitu, ni mawe tu. Hakuna mutu anaishi."

Huku akisema, aliinua kikombe kitupu upande wake, bila kugeuka, ili aongezewe.

Mama Apolline akamwongezea chai, na sukari ile ile. Mvua ikaanza kupiga mabati, na Achille, ambaye hakulowa, akajisogeza vizuri kitini. Mama Apolline akaufungua ule ufunguo mkubwa kwenye fundo la kiuno, akachukua kijiti cha uzi mweupe, akamwacha ameketi pale pasipo na nyumba, akashuka kwenda kumalizia mkono wa pili.