Aliyeiwamba Ndiye Huipasha

Masika yalikuwa yameingia, na kila kitu cha ngozi katika mji wa Bagamoyo kililegea: viatu, ngoma, hata kanda za mizigo ya wapagazi waliokuwa wakisubiri njia za bara zikauke. Ndiyo maana Bwanausi alikuja kwa fundi Mwinjuma baada ya sala ya adhuhuri, gambusi lake amelifunika kwa kanzu kuukuu.

"Limenyamaza," alisema. "Nikiligusa linanijibu kama mtu mwenye mafua."

Mwinjuma alilipokea kwa mikono miwili. Gambusi, chombo cha nyuzi, huchongwa katika gogo moja, shingo na tumbo pamoja, na tumbo hufunikwa kwa ngozi nyembamba ya mbuzi. Ngozi ikinyonya unyevu, sauti huzama. Dawa yake ni moto mdogo. Lakini kwa desturi ya wapigaji wa mji ule, mpigaji hapashi ngozi mwenyewe. Aliyeiwamba ndiye huipasha, kwa kuwa yeye ndiye ajuaye aliivuta kiasi gani na itastahimili joto gani. Ngozi ile aliiwamba Mwinjuma.

"Mwinshehe wa Mlingotini anakuja baada ya alasiri," Bwanausi aliendelea. "Anamwoza binti yake Ijumaa. Harusi yake mwenyewe nilipiga mimi. Sasa vijana wake wanataka amchukue Kasian wa misheni, na gitaa lake. Basi atatusikiliza wote wawili, hapa barazani kwako."

"Kwa nini kwangu?"

"Si ndiko watu wanakobishana?" Mzee alicheka, akaenda zake kulaza mgongo.

Mwinjuma alitia makaa katika kigae huko uani, akapanga mawe mawili, akalilaza gambusi juu yake kifudifudi, mbali kidogo na joto. Kazi hii haitaki nguvu, inataka mtu akae. Kila baada ya muda mfupi unaligeuza, unagonga ngozi kwa ukucha, unasikiliza. Alikuwa ameshagonga mara kadhaa aliposikia sauti barazani, na jina la Bwanausi likitajwa. Akatoka kidogo.

Walikuwa wawili. Kibwana, aliyekuwa kirongozi wa misafara ya bara, alikuwa amesimama. Mbaruku, mshona kofia, alikuwa ameketi, sindano mkononi.

"Nyinyi mnabishania watu wawili kwa sababu hamjavuka mto Kingani," Kibwana alikuwa akisema. "Kule Unyamwezi nilimwona mtu na zeze la uzi mmoja. Mmoja, bwana wee! Wapagazi wamegoma kuamka, miguu imevimba. Akapiga. Jua halijachomoza, mizigo iko mabegani. Niambie, Bwanausi amewahi kuinua pembe ya ndovu kwa gambusi?"

"Hiyo ni kazi ya kiboko, si ya muziki," Mbaruku alijibu bila kuinua macho. "Bwanausi akipiga hakuna anayebeba kitu. Hata mwizi hutua alichoiba."

"Na gitaa?"

"Gitaa la kanisani kwenye harusi ya Waislamu? Mwogopeni Mungu."

"Gitaa halijabatizwa, Mbaruku."

Wakacheka. Mwinjuma naye alicheka, akaegemea nguzo. Alikuwa na neno lake juu ya jambo hili, la siku nyingi. Kasian alikuwa amemletea gitaa kurekebisha zaidi ya mara moja. Alipewa gitaa hilo na mpishi Mgoa aliyemfundisha, na Mwinjuma alikuwa amemtazama vidole.

"Nyote mnapima vibaya," alisema kwa sauti yake ya chini. "Zeze ni uzi mmoja. Gambusi nalo, sauti zake hufuatana moja moja kama siafu. Lakini Kasian, kidole gumba chake kinakwenda mwendo wake, na vingine vinaimba juu yake, kwa wakati ule ule. Bwanausi ni mtu mmoja anayesema vizuri. Kasian ni baraza zima."

Sindano ya Mbaruku ilisimama. "Unasema hivyo wewe? Gambusi la mzee liko uani kwako?"

"Nasema nilichosikia. Mtu akipiga nyuzi kwa unyoya, ana mkono mmoja tu wa kusema. Nijibu hilo."

Mbaruku akaigeuzageuza kofia mkononi.

"Baba Fatu!" Mkewe Mwaija aliita kutoka jikoni. "Kuna kitu kinanuka huko uani!"

"Ni makaa tu, yana unyevu!" Mwinjuma alijibu, akamgeukia tena Mbaruku, kwa sababu Mbaruku alikuwa amekosa jibu, na si kila siku Mbaruku hukosa jibu.

Aliporudi uani, ngozi ilikuwa nyeupe kwa ukavu upande wa ukingoni. Aliigonga. Ikatoa sauti kali, safi, nzuri kupita kiasi. Hakuona ufa. Alijua la kufanya: kuipangusa kwa kitambaa kibichi na kuiacha kivulini hadi kesho. Lakini alasiri ilikuwa imeadhiniwa, na watu wangefika wakitoka msikitini. Akajiambia itastahimili.

Mwinshehe alikuja na wanawe. Kasian alikuja peke yake, gitaa begani, akainama mbele ya Bwanausi, aliyekwisha kuketi.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba, mwanangu. Anza wewe, mimi nimeshapiga sana."

"Siwezi kukutangulia."

Bwanausi akalipakata gambusi, akachukua unyoya wake wa tai, akapiga. Hata wale vijana walisogea karibu. Sauti zilifuatana moja moja, kweli, lakini kila moja ilisubiriwa, na kila moja ilipokuja ilikuwa ndiyo. Mbaruku alimtazama Mwinjuma, na Mwinjuma akatazama chini. Kisha mzee akanyoosha mkono kukaza uzi mmoja, kidogo tu.

Ngozi ikapasuka kutoka ukingo hadi ukingo. Kijiti kinachobeba nyuzi kikaangukia tumboni.

Bwanausi hakulitazama gambusi, alitazama mkono wake.

"Nimekaza mno," alisema. "Mkono umezeeka. Hausikii tena."

"Lakini fundi ndiye aliyepasha," Mbaruku alisema.

"Mwinjuma? Huyu hajawahi kuunguza ngozi tangu nimjue. Mwacheni." Mzee alimpa Mbaruku ule unyoya. "Wape wajukuu wakachezee. Mwinshehe, mchukue Kasian. Mimi nimemaliza."

Mwinjuma alisema, "Hewa hii, mzee…" Kasian akapiga, huku akikwepa macho ya watu, na Mwinshehe akampa harusi. Mwinjuma, aliyekuwa amemsifu kiasi kile, hakusikia hata sauti moja.

Kabla ya magharibi alilibeba gambusi akaenda kwa Bwanausi. Alimkuta mlangoni, mikono juu ya magoti.

"Haukuwa mkono wako," Mwinjuma alisema, hata salamu hakuitoa. "Niliiacha motoni."

"Ulilala?"

"Nilikuwa nabishana."

"Juu ya nini?"

"Nani mpigaji bora."

"Ulimtaja nani?"

Mwinjuma alilikamata gambusi kwa nguvu. "Kasian."

Mzee akauliza taratibu, "Ulitaka ipasuke?"

"Hapana." Akafikiri, kwa kuwa jibu lile lilitoka haraka mno. "Sidhani. Lakini Mwaija aliniita, akasema kuna kitu kinanuka. Nami nilimsikia."

Bwanausi aliinua mkono wake wa kulia, akaufumba, akaufumbua, akaugeuza kama kitu kilichokuwa kimepotea.

"Na barazani, uliponisikia nikijilaumu?"

"Nilikusikia pia."

"Basi asiyesikia ni wewe." Hakusema kwa hasira, na Mwinjuma alitamani angekasirika. "Kumsifu Kasian si kosa. Anapiga vizuri. Lakini leo watu wamekwenda majumbani na habari kwamba mkono wangu umekufa. Wangapi wamebaki pale?"

"Kibwana na Mbaruku bila shaka. Na wengine."

"Nenda kauchukue unyoya wangu. Waambie kwa nini unauchukua. Yote, na la Mwaija pia. Kisha uniwambie ngozi mpya. Siku ya kuipasha nitakuja kukaa nawe."

"Hunipi tena niipashe peke yangu."

"Sikupi."

Mwinjuma alirudi, gambusi kwapani. Kutoka mbali alimsikia Kibwana akitetea zeze lake, na sauti nyingine ikisema kwamba mzee naye alikuwa bingwa zamani. Mbaruku alimwona, akamsogezea nafasi.

Mwinjuma hakukaa. "Nimekuja kuuchukua unyoya wa mzee," alisema, "na kuwaambia kwa nini."